Huduma ya Aina Yoyote

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na yule bibi mdogo wa nyumba, ambaye nasikia ameota meno na kazi yake ni kuwang'ata wageni. Mwambie aanze na baba yake. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baba yako mguu umepungua kuvimba, ila kinywa amekifunga. Hanisemeshi. Nikibisha hodi anajifanya amelala, na mimi dada yake namjua anavyokoroma kwa uongo tangu tukiwa watoto. Nyumba yenyewe imepooza. Tangu lile bomu la stendi la Desemba, nikipita pale bado natazama dirisha la tiketi nikidhani mdogo wako atachungulia anitanie. Kidoti wa watu. Wameshaweka msichana mwingine pale, na wala hana kosa, lakini siwezi kumsalimu.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jana wapelelezi wawili walinifuata kazini, mochwari. Mmoja alikuwa ameziba pua kwa leso muda wote, hata nilipompa kiti. Wanasema nimetoa "huduma ya aina yoyote kwa gaidi". Nikawauliza, huduma gani? Mimi tangu niajiriwe sijahudumia mtu anayepumua. Wakasema ndiyo hiyo hiyo.

Mwanangu, nilimwosha yule kijana aliyejilipua. Nilimwosha, nikamshona palipofaa kushonwa, nikamfunika shuka. Mama yake alipokuja nilimfungulia mlango wa nyuma akamwona. Nakuandikia waziwazi kwa sababu sikujificha na sioni aibu. Sasa wanataka nitaje jina la yule mama na mahali anapoishi. Nimekataa, nao wamesema watarudi.

Wewe ndiye Bwana Kifungu wetu. Ulipopata kazi kwenye ofisi inayoandika sheria tulitamba mtaa mzima, mimi nikiwa wa kwanza. Basi nisaidie kuelewa. Kuosha maiti kumekuwa ugaidi tangu lini?

Ni mimi shangazi yako.


30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimekaa nayo kuliko adabu inavyoruhusu, unisamehe kwa hilo. Sisi hatujambo. Mtoto anatambaa sasa, na jana alivuta kitambaa cha meza na vikombe vyote. Mama yake anakusalimu.

Sikujua, Shangazi. Baba hakuniambia kitu, na sasa ndiyo naelewa kwa nini anakukoromea. Ulipomwosha Kidoti tulikushukuru wote. Mimi mwenyewe nilikushika mikono yako miwili nikalia juu yake kama mtoto, mbele za watu. Hukuniambia kwamba mikono ile ile ilitoka kwa Kidoti ikaenda meza ya pili kumpamba aliyemuua. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Unauliza ugaidi ni nini. Nitakwambia, ndiyo kazi ninayolipwa. Ni kumuua mtu usiyemjua ili wale usiowafikia waogope. Kidoti hakuwa na ugomvi na yule mtu. Aliuawa ili mimi niogope kupanda basi na wewe uogope kwenda sokoni. Watu wa namna ile wanataka kuonekana wanaume wenye jambo lao. Anayewapa heshima, hata heshima ya shuka, anawapa walichokuwa wakikitafuta. Kifungu unachokisema nilikiandika mimi, wiki ile ile tuliyomzika mdogo wangu, kikapitishwa kianze kuhesabiwa tangu siku ya bomu, na leo nikipewa kalamu nitakiandika tena vile vile.

Mtaje yule mwanamke, Shangazi. Si ndugu yako. Huna deni lolote kwake, na ukimtaja hao wapelelezi watakuacha. Nakuomba, mtaje, yaishe.

Mwanao.


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi mtoto anavunja vyombo, hiyo ni dalili ya afya. Huku mota ya jokofu kubwa imekufa tena, na mkubwa wetu anasema tuvumilie. Nikamwambia mimi nitavumilia, ila wateja wangu hawawezi. Hakucheka. Siku hizi hakuna anayecheka nami kazini. Wanapishana nami koridoni wakitazama ukuta.

Sasa nisikilize, maana umeniudhi. Umeandika utadhani nilimfanyia karamu. Umeandika "kumpamba". Nani aliyempamba? Nimefanya kazi ile tangu hujazaliwa. Nimemwosha mwizi aliyechomwa moto, na mwaka uliofuata nikamwosha mwenye duka aliyemmwagia petroli. Utaratibu wangu ni mmoja, na kila mfanyakazi mpya namfundisha siku ya kwanza: hatoki mtu humu na uchafu aliokuja nao. Amri kwamba yule kijana azikwe kama alivyo ililetwa kwa simu. Nikamwambia huyo wa kwenye simu aje basi amnyanyue yeye. Hakuja yeye wala mtu wake.

Na usidhani sikumchukia. Nilianza na Kidoti, nikammaliza, nikamchana nywele. Kisha nikahamia meza ya pili na nikamwosha yule kijana huku namtukana. Wenzangu walitoka chumbani kwa matusi niliyokuwa nayaporomosha. Yote ambayo wewe ungetaka kumwambia nilimwambia, na mengine ambayo huyajui kwa sababu umesoma shule nzuri. Lakini nilimwosha mpaka kwenye kucha. Wao ndio waliojipa kazi ya kuamua nani ni mtu na nani ni wa kutupwa. Walipita stendi wakaamua Kidoti ni wa kutupwa. Mimi sitaki kazi hiyo, hata nikipewa na serikali kwa barua yenye mhuri.

Mama wa yule kijana alipita mlango wa kutolea taka. Alimtambua kwa nyayo, hayo mengine siandiki. Kuna jambo aliniambia pale mlangoni ambalo nalo siliandiki, kwa sababu barua hizi zinafunguliwa. Yako ilifika imebandikwa upya kwa gundi ya ofisini, mbaya kama kawaida yake. Wewe msomaji unayetusoma, shikamoo kama ni mkubwa wangu.

Yule mlipuaji mwenzake aliyekufa naye, walimjua mama yake. Wakamchukua pamoja na mabinti zake, na mpaka leo hakuna mtu anayeambiwa waliko. Unataka niwatajie mwingine ili baba yako anisemeshe? Basi aendelee kukoroma.

Shangazi yako.


8 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sijui niandike salamu gani kwa mtu aliye mahabusu. Natumaini unakula na unalala. Mke mwenzako, kama ulivyozoea kumwita mke wangu, amekutumia sweta, sabuni na dawa ya presha kupitia kwa wakili. Mtoto amesimama bila kushika kitu. Baba yuko kwangu kwa ajili ya kliniki ya mguu. Nilipomwambia wamekukamata, aliomba redio izimwe.

Sijakusamehe. Nasema hivyo nisije nikaonekana mnafiki. Lakini nilipoandika kile kifungu nilikuwa nafikiria wanaouza baruti, wanaokodisha vyumba, wanaosafirisha hela. Wewe na ndoo yako hamkuwa kichwani mwangu. Kwa hiyo nilimwendea mkuu wangu na mstari mmoja wa marekebisho: isipokuwa matunzo ya maiti. Ni mstari mfupi, haubadilishi kingine chochote. Akausoma, akauweka mezani, akaugeuza uso chini. Akasema, "Mstari wako mzuri, kijana, wakati ndio mbaya. Uchaguzi uko mlangoni. Unadhani yupo waziri atakayesimama bungeni kumtetea maiti wa gaidi?" Nikamwambia si maiti, ni shangazi yangu. Akasema hapo ndipo ninapoharibu zaidi, na kwamba kwa usalama wangu hakunisikia.

Lingine ni hili. Upande wa mashtaka umeniita niwe shahidi, nieleze machungu ya familia. Nimekubali. Machungu ninayo, na tangu Desemba hakuna aliyeniuliza.

Bado unaweza kumtaja yule mwanamke. Mwendesha mashtaka ameniambia kwa mdomo wake kwamba ukimtaja, kesi yako inafutwa siku hiyo hiyo.

Mwanao.


27 Juni

Mwanangu,

Sabuni imefika. Sweta limefika likiwa na tundu jipya kwenye kiwiko, nadhani walikuwa wanatafuta bomu. Mshukuru mke mwenzangu. Humu ndani nimeshapewa jina, naitwa Matroni. Siku ya pili niliwaamsha wanawake wote tukasugua sakafu, maana ilikuwa inanata, na sasa hata askari wa zamu anavua buti akiingia. Kwa hiyo nipo, nakula, na dawa nameza. Mwambie baba yako nilifurahi kusikia kwamba alizima redio.

Wakili wangu ni binti mdogo, kiatu kimoja kinamlia akitembea, ila ana akili. Amenionyesha sheria yenu. Nilitaka kujua imekuwaje kuosha maiti kuitwe huduma, nikadhani labda mlikaa mkafikiria sana. Kumbe mlinakili! Mlikuwa na haraka, mkaenda kwenye sheria ya zamani ya manispaa, mkanyofoa maana ya neno huduma mzima mzima, mkaibandika kwenye sheria ya ugaidi. Mitaro, takataka, machinjio, taa za barabarani na mazishi. Binti wa watu aliponisomea nilicheka mpaka askari akaja. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ndiyo mashtaka yenyewe hayo, hawana mengine.

Najua ulikuwa umetoka kuzika. Wewe sikugombi sana. Wale wengine je? Bunge zima, watu wazima wenye miwani, walipitisha kitu kile kwa mchana mmoja, wakasimama wakapiga makofi kwenye televisheni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza machinjio yanatafuta nini kwenye sheria ya ugaidi. Hawakuisoma! Walitaka tu tuone wamekasirika. Na aliyelitengeneza lile bomu yuko wapi? Aliyewatuma wale vijana na kuwalipia nauli yuko wapi? Hawajamgusa hata mmoja wao. Wamemkamata mwosha maiti, wakampiga picha akishuka kwenye karandinga la polisi, na waziri akasema wananchi walale salama. Walale salama kwa sababu mimi nipo ndani! Nimekasirika, mwanangu, mpaka kalamu imetoboa karatasi, utaona mwenyewe.

Kuhusu ushahidi, njoo. Machungu ni yako na una haki nayo, hata kama yataniumiza. Lakini jiangalie. Yule bwana atakuuliza iliuma kiasi gani, basi. Hatakuuliza kingine. Hao wenye kesi hawana haja ya kujua ilikuwaje mpaka Kidoti akafa. Jiulize kwa nini.

Na jina sitaji. Usiniandikie tena habari hiyo.

Shangazi yako, Matroni.


16 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Sote wazima. Mtoto anatembea, anaanguka, anaamka mwenyewe. Baba anatembea bila fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni. Sikukujibu ile ya Juni kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta natafuta maneno ya kujitetea. Leo nakuandikia yale ambayo hukuyaona juzi mahakamani, baada ya askari kukuteremsha chini. Nimeambiwa hawakukueleza kitu.

Nianze kabla ya hapo. Sisi mashahidi na wasikilizaji tulikaa kwanza kwenye benchi la koridoni. Pembeni yangu alikuwepo mama mmoja mwembamba, kitambaa cha kijivu kichwani, mkoba kaupakata mapajani. Akaniuliza, "Wewe uko upande wa nani, baba?" Nikamwambia mimi ni kaka wa yule binti wa dirisha la tiketi. Akasema pole. Halafu akainuka akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi. Nilidhani anataka kunipa nafasi.

Ndani uliona mwenyewe mwendesha mashtaka alivyosimama na kusema kwamba unamficha mshirika wa magaidi. Ulimsikia mama yule nyuma yangu akisema, "Hajamficha mtu. Mimi ndiye mama wa yule kijana, nimekuja mwenyewe." Wewe ulipiga kelele akae chini, ukapiga kelele tena, ndipo wakakuburuta. Mimi nilikuona ukiburutwa, Shangazi, na kiatu chako kimoja kikabaki kwenye ngazi.

Askari walimfuata, lakini watu walijaa kwenye njia, kwa hiyo alipata muda wa kusema. Hakupaza sauti. Alisema, "Nilikuja kituo chenu cha polisi kabla hajamgusa mtu. Nikawaambia mwanangu kachukuliwa na watu wabaya, hanisikii tena, nisaidieni atakuja kuua. Yule wa mapokezi akaniambia nikamlee mwanangu mwenyewe. Nikarudi mara ya pili nikiwa na majina ya wale waliomchukua. Mkanifungia mpaka jioni kwa kusumbua ofisi." Akawa anamwangalia mwendesha mashtaka tu. "Mimi niliwaambia," akasema. "Mimi niliwaambia."

Hakimu akaagiza hayo yasiandikwe, kwa kuwa aliyeyasema hakuapa. Karani akaweka kalamu chini. Wakamfunga pingu wakamtoa mlango wa pembeni, na mahakama ikaendelea kana kwamba mtu amekohoa.

Sasa najua alichokwambia pale mlango wa nyuma.

Shahidi aliyefuata nilikuwa mimi. Nikaapa. Mwendesha mashtaka akaniomba kwa upole, kama ulivyosema, niielezee mahakama machungu yetu. Nikamwelezea. Nikasema Kidoti alikuwa akijua ratiba ya kila basi kwa kichwa, na alikuwa akinipigia simu kazini kunidanganya kwamba waziri ananitafuta. Nikasema hatujui tufanye nini na nguo zake. Akanishukuru, akataka nishuke. Nikamwambia sijamaliza, niliapa kusema kweli yote, na sehemu kubwa ya machungu yangu nimeipata hapa hapa ndani, sasa hivi. Nikayarudia maneno ya yule mama, neno kwa neno, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayemsomea karani. Kituo, mapokezi, mara ya kwanza, mara ya pili, majina, kufungiwa mpaka jioni.

Mwendesha mashtaka akaruka akapinga, eti hizo ni habari za kusikia. Hakimu akavua miwani, akanitazama, akamtazama yeye. Akasema, "Shahidi ni wako mwenyewe. Uzito wake nitaupima mimi." Kisha akamgeukia karani. "Andika."

Yule bwana alikuwa amekasirika sasa, upole umekwisha. Akaniuliza mimi ni ndugu wa marehemu wa aina gani, ninayemtetea mama wa muuaji. Nikamwambia nilipoiandika sheria yenu nilitaka imfikie kila aliyejua na akanyamaza. Yule mama alijua na akasema. Walionyamaza ni wengine, na wanapokea mishahara. Hapo wakili wako alisahau kwamba yuko mahakamani akapiga meza kofi.

Ofisini nimeambiwa nisubiri nyumbani mpaka nitakapoitwa, na sidhani nitaitwa. Wakili anasema atamtetea na yule mama, pamoja na mabinti zake, maana naye anao, kama nao watakamatwa. Nimempelekea mama nguo na sabuni kituoni. Wamezikataa, nitapeleka tena kesho. Hukumu yako imepangwa mwezi ujao, na kwa sheria ilivyo bado wanaweza kukufunga, sitaki kukudanganya.

Baba nilikuwa naye pale mahakamani, ulimwona. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani na koti lake mwilini, akaniuliza, "Walimfukuza?" Nikasema ndiyo, Baba, mara mbili. Baadaye kidogo akauliza tena, "Huyo mama aliwaambia, wakamfukuza?" Nikasema ndiyo. Akauliza mara ya tatu, maneno yale yale, na mara ile alikuwa tayari analia, kwa sauti, vile ambavyo hakulia hata siku tuliyomzika Kidoti.

Mwanao.